Utenzi, Kaburi na Kisakale: Ushahidi wa Enzi Zisizo na Maandishi

Jamii ambayo haikutuachia maandishi yake, bali imetuachia mashairi, makaburi na visakale tu, yaweza kuchunguzwa kwa kiasi gani? Swali hili limewashughulisha kwa muda mrefu wachunguzi wa falme za mwanzo za Waanglo-Saksoni huko Uingereza. Latuhusu na sisi pia. Katika nyanda za juu za Nakuru, toka Hyrax Hill hadi Keringet, yako makaburi na viko visakale ambavyo wanaakiolojia wamevishughulikia kuliko sisi wa idara za lugha. Hoja yetu ni kwamba mashahidi hawa watatu hawajibu swali moja, na kwamba kosa huanza pale mmoja anapolazimishwa kuthibitisha maneno ya mwenziwe.

Tuanze na Uingereza, ambako kosa hilo limeshafanywa na kusahihishwa. Mwaka 1939, huko Sutton Hoo, Suffolk, ilifukuliwa merikebu yenye urefu wa mita 27 hivi, iliyozikwa chini ya tuta la udongo pamoja na dhahabu, silaha na vyombo vya fedha kutoka Bizanti. Wasomaji wa utenzi wa Beowulf walifurahi mno, kwani utenzi huo huanza kwa mazishi ya mfalme aliyelazwa merikebuni pamoja na hazina. Lakini merikebu ya utenzi ilisukumwa baharini, na ya Sutton Hoo ilizikwa nchi kavu. Mswada pekee wa Beowulf ni wa mwaka 1000 hivi, hali kaburi ni la mwanzo wa karne ya 7. Na utenzi wenyewe, ingawa ni wa Kiingereza cha kale, wazungumzia Wadenishi na majirani zao wa Skandinavia. Basi utenzi hautuambii nani alizikwa pale. Watuambia wasikilizaji wake walidhani mfalme anastahili mazishi gani, jambo ambalo dhahabu peke yake haiwezi kusema. Kaburi nalo latupa habari za mahusiano na Bizanti ambazo mshairi hakuzijali.

Kisakale ni shahidi mgumu zaidi. Beda, mtawa aliyemaliza historia yake mwaka 731, awataja Hengist na Horsa kuwa viongozi wa wahamiaji waliovuka bahari. Majina yote mawili yana maana ya farasi, na hapo mwanaisimu hana budi kutia shaka. Wako waliotia shaka hata wakaukana uhamiaji wenyewe. Mwaka 2022 uchunguzi wa vinasaba vya mifupa ya kale ulionyesha kwamba watu waliozikwa mashariki na kusini mwa Uingereza katika enzi hiyo walikuwa na asili ya ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini kwa kiasi kifikacho asilimia 76. Kumbe kisakale kisichoaminika kwa majina chaweza kuwa na la kweli kuhusu safari.

Pwani yetu ina Fumo Liyongo: mashairi yanayonasibishwa naye yapo, kisakale cha kuuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kipo, na kaburi huonyeshwa karibu na Kipini. Hata hivyo wataalamu wametofautiana kwa karne kadhaa juu ya wakati wake. Mjadala huo wajulikana, hatutaurudia.

Huku bara hatuna utenzi wa namna hiyo kuhusu Wasirikwa. Tunacho kisakale. Wakalenjin husimulia kwamba mashimo mapana yaliyotapakaa katika nyanda hizi yalichimbwa na Wasirikwa, wafugaji wa ng'ombe, ambao baadaye waliondoka kwenda kusini. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba mashimo hayo yalikuwa nyumba. Uchunguzi wa J. E. G. Sutton, ulioanza katika miaka ya 1960, ulibainisha kwamba yalikuwa mazizi. Nyumba zilijengwa kando, na samadi iliyozolewa zizini ilirundikwa nje hata ikawa vichuguu. Mazizi haya ni ya kati ya karne ya 12 na ya 18 hivi. Sutton alikwenda mbele zaidi: Wasirikwa hawakutoweka, bali wengi wao ni miongoni mwa wahenga wa Wakalenjin wenyewe.

Ikiwa ni hivyo, ni nani basi "aliyeondoka"? Yawezekana kilichoondoka ni namna ya kuishi. Mazizi ya mashimo yaliachwa, na waliobaki wakawapa waliokuwa wakiyatumia jina la watu wengine.

Sasa tutazame makaburi. Pale Hyrax Hill, ambapo Mary Leakey alianza kufukua mwaka 1937, yapo mashimo ya Wasirikwa, na yapo pia makaburi ya wafugaji wa zamani zaidi, ambamo wanawake walizikwa na sahani za mawe. Mgeni akisimuliwa kisakale papo hapo, atayatwika makaburi hayo jina la Wasirikwa bila kusita. Atakuwa amekosea kwa zaidi ya miaka elfu moja. Katika pango la Mto Njoro, lililofukuliwa mwaka 1938, maiti kama 80 zilichomwa na kuwekewa mabakuli ya mawe, michi na shanga, yapata miaka elfu tatu iliyopita. Mapango ya Keringet ni ya utamaduni huo huo, ambao wanaakiolojia huuita wa Elmenteita. Wafugaji wengine wa enzi hiyo walizika chini ya marundo ya mawe na kufinyanga vyungu vya namna nyingine, hata wakadhaniwa kuwa taifa mbali. Uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2019, uliotumia mifupa ya watu 41 wa Kenya na Tanzania, ulikuta kwamba makundi haya mawili yalikuwa na asili moja. Desturi ya kuzika si cheti cha ukoo.

Mambo haya si ya darasani tu. Katika Molo na Kuresoi, ambamo Keringet imo, mapigano ya mwaka 1992 na ya 2007 hadi 2008 yalifukuza watu wengi makwao, na swali la nani alitangulia lilikuwa vinywani mwa watu. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huko Arusha, iliwatambua Waogiek kuwa wenyeji wa asili wa msitu wa Mau. Anayesema kwamba Wasirikwa waliondoka wote asema pia, apende asipende, kwamba ardhi ilibaki tupu ikingoja mwingine. Anayesema walibaki na kumezwa awapa waliopo urithi wa karne nyingi. Kitenzi kimoja cha kisakale chabeba mzigo wote huo, nasi tumezoea kukipokea katika tafsiri ya Kiingereza.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya idara zetu ni kurekodi kisakale hiki katika Kikipsigis, Kinandi na Kiogiek, neno kwa neno, kabla ya kukipeleka makaburini. Je, msimulizi atumia kitenzi cha kuhama na mifugo, cha kufukuzwa, au cha kupotea? Ushahidi wa Waogiek una thamani ya pekee. Wao walikuwa warina asali na wawindaji wa msituni, na mazizi hayo waliyaona kama mazizi ya jirani.