Lipia kile ambacho fundi hawezi kukirekebisha

"Fundi, jinzi inayokaa vizuri mwilini ni ya shilingi ngapi?" Wanaoniletea suruali zao huniuliza hivyo, wanaume kwa wanawake, na wengi hutarajia nitaje bei moja. Siitaji, kwa sababu ndani ya bei ya jinzi mna fedha za aina mbili. Kuna fedha inayolipia umbo, yaani namna suruali ilivyokatwa nyongani, mapajani na katikati ya miguu. Kuna fedha nyingine inayolipia vitu ambavyo fundi cherehani wa mtaani kwako anavimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri: urefu, upana wa chini, kiuno kilicholegea kidogo. Ile ya kwanza itoe kwa moyo mkunjufu. Ya pili mwachie fundi, usiilipe dukani. Ukizitenganisha hizo mbili, kiasi cha kutumia kitajipanga chenyewe.

Bei halisi ni ipi?

Tupige hesabu. Dada mmoja ananunua jinzi kwa shilingi 15,000 za Tanzania. Inambana mapajani, lakini muuzaji anamwambia, "Itaachia hiyo, dada, wewe ivae tu." Anaivaa mara tano, akirudi kila mara na alama za mishono kwenye ngozi, kisha inaingia chini ya sanduku na haitoki tena. Kila alipoivaa ilimgharimu shilingi 3,000.

Mwenzake anatoa 40,000 kwa jinzi iliyomkaa sawasawa nyongani na mapajani, anamwongezea fundi 5,000 ampunguzie kiuno na kukata pindo. Anaivaa mara mbili kwa wiki kwa miaka miwili. Hizo ni zaidi ya mara 200, na kila mara moja imemgharimu kama shilingi 220. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi; hapa rahisi imevunja mfuko pia.

Sasa ongeza mtu wa tatu, aliyenunua jinzi ya 150,000 yenye jina kubwa. Imemkaa vizuri kama ile ya 45,000, na itachakaa baada ya muda uleule. Yeye analipa zaidi ya 700 kila anapoivaa. Ile tofauti haikuingia katika kitambaa wala katika mkato. Imekwenda kwenye jina, matangazo, pango la duka na urembo wa kuikwaruza suruali ionekane kuukuu. Mwenye uwezo na anayependa jina, alipe kwa raha zake. Lakini asidhani amenunua mkao.

Vilevile, jinzi ya 8,000 uliyoichambua kwenye rundo la mtumba, ikakushika panapotakiwa, inaipita ya 150,000 inayokubana. Bei peke yake haitoi ushahidi. Mwili wako ndio unaotoa.

Fundi anaweza nini, na wapi anakwama

Geuza jinzi ndani nje uutazame mshono wa ndani ya mguu. Katika jinzi nyingi, kitambaa cha pande zote mbili kimekunjwa, kikapishana, kisha kikapigwa mistari miwili ya uzi mnene. Mshono huo ni imara sana, lakini hauachi kitambaa cha ziada. Mshono wa nje nao mara nyingi umeachiwa kama sentimita moja tu. Ndiyo maana suruali ya kitambaa uliyoshonewa inaweza kutolewa inchi nzima ukinenepa, ilhali jinzi haitoleki. Fundi anaweza kupunguza. Kuongeza ni shida, isipokuwa akutie kipande cha kitambaa kingine pembeni, nacho kitaonekana.

Kwa hiyo kuna mambo matatu ya kukagua kabla hujatoa hela, maana hayana dawa baadaye.

La kwanza ni kimo, yaani urefu kutoka makutano ya mishono katikati ya miguu hadi ukingo wa juu wa kiuno, mbele na nyuma. Kimo kikiwa kifupi, ukikaa kiuno kinashuka mgongoni na nguo ya ndani inaonekana. Hata anayevaa kata K, yaani suruali iliyoshushwa chini ya kiuno, kwa kupenda, basi na iwe kwa kupenda, isiwe kwa sababu suruali imegoma kupanda.

La pili ni nyonga. Jinzi ikiwa ndogo hapo, mifuko ya mbele inafunguka pembeni hata ukisimama wima, na mikunjo inatambaa kutoka kwenye zipu kuelekea kila upande. Mikunjo hiyo inasema kitambaa kimevutwa kupita kiasi.

La tatu ni mapaja. Ukisimama, unatakiwa uweze kubana kitambaa kidogo kwa vidole katikati ya paja. Kisha chuchumaa. Goti likishindwa kukunjika vizuri sokoni, halitakunjika ndani ya daladala wala juu ya bodaboda.

Yaliyobaki ni kazi ya fundi. Kiuno kinachoachia mgongoni, jambo ambalo dada zetu wenye nyonga pana na kiuno chembamba wanalijua vizuri, hupunguzwa kwa kufungua mkanda wa nyuma na kuushona upya pamoja na mshono wa katikati ya makalio. Inchi moja na nusu inatoka bila tatizo. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana na sura ya suruali inaharibika. Pindo hukatwa, na fundi makini anaweza kulirudisha lilelile la kiwandani lenye rangi yake iliyopauka, mshono usionekane sana. Miguu mipana nayo hubanwa kuanzia gotini iwe modo ukitaka, mradi apunguze pande zote mbili. Akipunguza upande mmoja tu, mguu wa suruali hujipinda.

Kwa hiyo, dada mwenye nyonga pana, chagua jinzi kwa kipimo cha nyonga, kiuno kitafuata. Na kaka mwenye mapaja ya mpira wa miguu, chagua kwa mapaja.

Mpe fundi masharti mawili: atumie sindano nene ya namba 16 au 18, na uzi wa jinzi. Sindano ya kushonea vitenge huvunjika pale mishono minne inapokutana, na uzi mwembamba hukatika ndani ya miezi michache.

Kupima bila chumba cha kubadilishia

Karume jijini Dar es Salaam au Gikomba jijini Nairobi hutapata pazia wala kioo kirefu. Wanawake hujifunga khanga na kujaribu ndani yake, na wanaume wengi huivaa juu ya suruali waliyokuja nayo. Wengine huzungusha kiuno cha jinzi shingoni: ncha zikikutana kisogoni, wanasema imetosha. Kipimo hicho kinakadiria kiuno, tena kwa kubahatisha. Kuhusu nyonga, mapaja na kimo hakisemi lolote, na hayo ndiyo matatu yasiyorekebishika.

Namba ya lebo nayo usiiamini. Mara nyingi inaandikwa kwa inchi, lakini viwanda vingi hupunguza namba ili mnunuzi ajione mwembamba. Suruali ya 32 inaweza kutoa 34 ukiipima kwa futi. Kwenye meza moja ya mtumba zipo za Ulaya, Marekani na Asia, na kila kiwanda kina mtindo wake wa kukata.

Njia ya uhakika ni hii. Chukua nyumbani jinzi moja unayoipenda kuliko zote, ilaze mezani, uipime sehemu sita: upana wa kiuno, upana wa nyonga, upana wa paja chini kidogo ya makutano ya miguu, kimo cha mbele, kimo cha nyuma na urefu wa ndani. Andika namba hizo kwenye simu. Nunua futi ya fundi, uende nayo sokoni. Laza jinzi unayoitaka juu ya rundo, ipime, linganisha. Kimo, nyonga na paja vikilingana na vya nyumbani, endelea na mazungumzo ya bei. Visipolingana, irudishe hata kama muuzaji ameteremka hadi 2,000.

Kitambaa kinachostahili fedha yako

Baada ya umbo, kinachofuata kustahili fedha yako dukani ni kitambaa. Jinzi hufumwa kwa nyuzi za wima zilizotiwa rangi ya nili na nyuzi za mlalo ambazo ni nyeupe. Nili haipenyi hadi kiini cha uzi, inabaki juujuu, ndiyo maana kila panapokwaruzwa weupe hujitokeza. Kwa mnunuzi wa mtumba hiyo ni taarifa muhimu. Ingiza mkono ndani ya suruali, inua sehemu ya ndani ya mapaja kwenye mwanga. Mwanga ukipenya kama unavyopenya chandarua, umebakiwa na miezi michache tu. Jinzi nyingi hufa hapo, mapaja yanaposuguana.

Uzito wa kitambaa hupimwa kwa aunsi kwa kila yadi ya mraba. Kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa, aunsi 10 hadi 12 zinatosha. Kwa baridi ya Njombe au Limuru, na kwa kazi ngumu au bodaboda ya kutwa, 13 au 14 zinadumu zaidi. Lebo nyingi hazisemi uzito, kwa hiyo kunja kitambaa mara mbili na ukibane kwa vidole. Kikilala kwa ulegevu kama shuka, ni chepesi.

Angalia pia asilimia za lebo ya ndani. Pamba tupu hukaza siku ya kwanza na kulegea kiunoni baada ya saa kadhaa za kuvaliwa, kwa hiyo inunue ikiwa imekushika bila kukuumiza. Yenye elastini, uzi wa kuvutika uliobuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont, hufuata mwili vizuri ikiwa na asilimia moja au mbili. Adui wa elastini ni joto: maji ya moto, pasi kali na jua la mchana. Ianike kivulini, ndani ikiwa nje. Ukikuta mtumba wenye mawimbi magotini au makalioni, au vijiuzi vyeupe vilivyochomoza, elastini yake imekufa na haitarudi.

Mwisho tazama panapobeba nguvu: pembe za mifuko na chini ya zipu. Mwaka 1873 Jacob Davis, fundi cherehani wa Reno huko Nevada, alipata hataza pamoja na mfanyabiashara Levi Strauss kwa kukaza pembe za mifuko kwa pini za shaba. Hadi leo sehemu hizo huchanika kwa urahisi. Pini zikiwa zimelegea, au mshono wa kukazia ukiwa umefumuka, omba bei ya suruali ipunguzwe kwa kiasi utakachomlipa fundi.

Mpya au mtumba

Mtumba una faida ambayo wengi hawaihesabu: umeshafuliwa mara nyingi, umeshamaliza kusinyaa. Unavyokukaa sokoni ndivyo utakavyokukaa mwakani. Jinzi mpya ya pamba tupu inaweza kupungua urefu baada ya kufuliwa, kwa hiyo ifue na kuikausha kwanza, ndipo upeleke pindo kwa fundi.

Lakini usisome ubora kwenye bei ya mtumba. Mchuuzi ananunua belo la kilo 45 hivi likiwa limefungwa, hajui kilichomo. Jinzi nzuri chache zinabeba hasara ya zilizochanika, na jina linalojulikana linapandishwa hata kama kitambaa kimechoka. Ushuru wa kuingiza mitumba nao unaingia humo. Rwanda ilipoupandisha mwaka 2016 kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, bei zilipanda sokoni, ilhali suruali zilikuwa zilezile na mishono yake ileile. Belo likifunguliwa asubuhi, unalipia nafasi ya kuchagua wa kwanza. Kwa mtu mwenye mwili unaopata shida kutoshewa, nafasi hiyo ina thamani, maana jinzi yake ikiwemo ni moja tu kwenye rundo zima. Mwenye mwili unaotoshewa kirahisi anaweza kwenda jioni.

Basi, utumie kiasi gani?

Panga kiasi unachoweza kutoa bila kuumiza matumizi ya nyumbani, ukigawe mafungu manne. Matatu ni ya jinzi, moja ni la fundi. Mwenye 40,000 aingie sokoni na 30,000. Ndani ya mafungu hayo matatu, panda bei pale tu unapopata kimo, nyonga au mapaja bora zaidi, au kitambaa kitakachodumu zaidi. Ukiona bei inapanda na vyote hivyo vimebaki palepale, hapo ndipo kikomo chako.

Na kama bajeti inatosha jinzi tatu za kubahatisha au moja inayokukaa, chukua moja. Nimewahudumia watu wengi walioingia wakilaumu makalio yao, tumbo lao, mapaja yao, huku wameshika suruali iliyokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mwili hauna kosa. Kosa ni la kitambaa, na kitambaa kinabadilishwa: kwa fundi inapowezekana, kwa kukiacha sokoni isipowezekana.