Ridhaa ya Wasioulizwa

Mji wa Tunduma, ulioketi mpakani mkabala na Nakonde ya Zambia, haulali usingizi mzito. Malori yangojayo kuvuka hupanga foleni kutwa na kucha, na madereva, mawakala wa forodha na wachuuzi huchanganyika na Wanyamwanga na Wanyiha wenye nchi, hata ikawa shida kumtambua mgeni. Katika mji wa namna hiyo, mzazi mwenye binti aliyebaleghe, ambaye ana ulemavu wa akili, huwa na khofu, wala khofu yake si ya kuchekwa. Lakini khofu hiyo, ambayo asili yake ni huruma, aghalabu huishia kuwa komeo la mlango.

Waama, watu humtazama mwenye ulemavu wa akili kwa macho mawili yasiyopatana. Jicho moja lamwona mtoto, ijapokuwa ana miaka 30 na ndevu zimemjaa. La pili lamwona kiumbe asiye na hatamu, ambaye ashiki ikimpanda haizuiliki. Asubuhi mgeni ataambiwa, “Huyu hajui kitu,” na jioni yule yule asiyejua kitu atakatazwa kuketi barazani na binti wa jirani. Ikitajwa posa, wazee huuliza atamlisha nini mke, kana kwamba wazima wote wa Tunduma huwalisha wake zao.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kwa insafu ambayo wengi hawana habari nayo, haikumfungia mtu huyu mlango. Kifungu cha 16 chataka ridhaa ya hiari, na chaikana ridhaa ya mtu ambaye, kwa maradhi au upungufu wa akili, hakufahamu barabara maana ya ndoa anayofungishwa. Haikuulizwa ana akili kiasi gani, wala alifika darasa la ngapi. Imeulizwa kama alielewa. Kanuni ya Adhabu nayo, katika kifungu cha 137, kwa maneno ya kale yanayokera masikio, yamtishia kifungo cha miaka 14 mwanamume atakayemwingilia isivyo halali mwanamke anayemjua kuwa ana upungufu huo. Ni ngao ya haki, ila yaifanya ndoa kuwa takriban njia pekee iliyo salama kwa wapendanao, na ufunguo wa njia hiyo wanao wazee wanaopokea mahari. Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao ibara yake ya 23 yataja haki ya kuoa na kuolewa kwa ridhaa kamili ya waoanao wenyewe. Wazee wa posa hawakutajwa.

Tusidhani kwamba dhuluma hii ni yetu peke yetu. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilihalalisha kufungwa kizazi kwa Carrie Buck, msichana aliyeitwa punguani kwa kuwa alizaa nje ya ndoa, ilhali mimba ile, kwa maneno yake mwenyewe, ilitokana na kubakwa. Aliyetendwa ndiye aliyehukumiwa.

Na hapa ndipo kimya chetu kinapodhuru. Dada za binti mwenye ulemavu wa akili wakiwekwa ndani na shangazi kufundwa mambo ya mume na mke, yeye hutumwa kuchota maji. Hafunzwi kipi ni mapenzi na kipi ni jeuri, wala hapewi neno la kukataa. Siku atakapovutwa nyuma ya ghala na mtu anayemfahamu, maana si kila hatari huja na lori, atarudi nyumbani hana msamiati wa kushitaki.

Tukirudi kwenye Sheria ya Ndoa, mwenye kutaka kufunga ndoa hutoa taarifa siku 21 kabla, na ndani ya siku hizo jirani yeyote ana ruhusa ya kuweka pingamizi. Ila itambidi ataje jambo ambalo sheria yenyewe inalitambua kuwa kizuizi, na “huyu si mzima” halimo.