Mahindi Yako Sokoni, Mbona Watu Walale Njaa?



Wengi wetu tukisikia neno "uchumi" tunafikiria benki na bei ya kahawa. Lakini iko sehemu ya elimu ya uchumi inayouliza swali la nyumbani kabisa: je, watu wanaishi vizuri, na mali iliyopo inamfikia nani?

Tuchukue mfano. Kijiji kina nyumba 10, na kimevuna magunia 100 ya mahindi. Mtu wa ofisi atapiga hesabu aandike: wastani ni gunia 10 kwa kila nyumba, watu wameshiba. Lakini ukipita mlango kwa mlango unakuta nyumba moja ina gunia 91, na zile 9 zina gunia moja moja. Hesabu ni ya kweli, na njaa nayo ni ya kweli.

Mtaalamu Amartya Sen, mzaliwa wa Uhindi, alilichunguza sana jambo hili. Mwaka 1943, akiwa mtoto wa miaka 9, njaa kali iliingia Bengal ikaua watu kati ya milioni 2 na 3. Baadaye, katika kitabu chake cha 1981, alieleza kwamba kwa hesabu zake chakula cha 1943 kilizidi kile cha 1941, na mwaka huo hakukuwa na njaa ya namna hiyo. Basi shida ilitoka wapi? Wakati huo wa vita, bei ya mchele ilipanda mbio, na mshahara wa kibarua wa shamba ukabaki nyuma. Chakula kilikuwako, lakini yeye hakuwa na njia ya kukipata. Mwaka 1998 Sen alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Sasa turudi kwetu. Kikundi kimoja nilichotembelea kilinunua mbegu kwa pesa za michango. Sheria yao ilisema asiyelipa miezi mitatu hapati. Ikamwangukia mama mjane aliyekuwa hospitalini na mtoto. Wenzake wakasema, "Sheria ni sheria, sisi tulijinyima tukalipa." Nao walikuwa na haki yao. Lakini mzee mmoja akauliza, "Huyu asipopanda, msimu ujao atalipa na nini?" Wakakubaliana apewe mbegu, deni alipe baada ya mavuno. Alivuna, akalipa.

Kwa hivyo, kabla hamjagawa kitu chochote, jiulizeni:

1. Ni nani atakosa?
2. Amekosa kwa uvivu, au njia imemfungikia?
3. Je, yeye mwenyewe yuko hapa mkutanoni aseme?

Swali la tatu ndilo tunalosahau sana. Anayekosa mara nyingi ndiye ambaye hakuitwa.