Friji zipo, kwa nini mtungi wa udongo bado unafinyangwa?

Pale Sirari mpakani ndoo za plastiki zimejaa madukani, lakini mtungi haujafa. Kwa nini?

Kwanza, unafanya kazi. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana. Maji hupenya taratibu, yakifika nje yanakauka na kuondoka na joto. Yanayobaki ndani yanapoa, bila kununua luku.

Pili, mtaji ni mdogo: udongo, maji, kuni na mikono.

Shida ni moja. Ufundi huu hukaa mikononi, sio kitabuni. Bibi asipomfundisha mjukuu, anaondoka nao.

Ukienda kununua, epuka mtungi uliopakwa rangi ya mafuta. Rangi inaziba vitundu, maji hayapoi.