Maneno ya Mgongo katika Mazoezi Yasimamiwayo kwa Mbali

Mtunzaji wa wagonjwa au wazee humgeuza mtu kitandani, humketisha kitini, na humshika bafuni asianguke. Mzigo wake ni mtu, naye hujisogeza ghafla. Kwa hiyo maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ni ya kawaida katika kazi hii. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu hayo yadumupo, na miongoni mwa tiba zilizopendekezwa ni mazoezi ya viungo yaliyopangwa.

Lakini mwenye zamu za usiku na mchana ni shida kufika kwa mtaalamu mara kwa mara. Ndipo mazoezi husimamiwa kwa simu. Mkono ambao ungeigusa nyonga na kuisahihisha haupo, na picha huonyesha upande mmoja tu wa mwili. Kazi ya mkono, basi, hufanywa na neno.

Kiswahili kina utajiri wa kufaa hapa. Kulala chali, kifudifudi au kwa ubavu ni hali tatu zisizochanganyika. Vivyo hivyo kuinama, kuchutama na kupiga magoti. Amri kama "lala chali, kunja magoti, kanyaga kwa nyayo zote, kisha inua nyonga polepole" hueleweka hata picha ikikatika.

Hatari imo katika majina ya mahali paumapo. Kwa wasemaji wengi "kiuno" ni sehemu ya chini ya mgongo. Lakini pia ni mzunguko wote wa mwili pafungwapo mshipi. Nao "mgongo" huanzia mabegani na kushuka hadi kiunoni. Heri kuuliza: "Ni chini ya mbavu, au karibu na matako? Yashuka mguuni?"

Aina ya maumivu nayo yataka kupambanuliwa. Kuuma si kuchoma, na kufa ganzi si mojawapo ya hayo. Ganzi ya sehemu za siri, au kushindwa ghafla kuzuia mkojo au kujisaidia, ni dalili ya kupelekwa hospitali mara moja, si ya kufanya zoezi. Kwa kuwa haya huyafunika mambo hayo, msimamizi hana budi kuyauliza mwenyewe, kwa tafsida kama "haja ndogo", ilimradi maana isipotee. Tafsida iliyozidi mipaka, pasipokuwa na mkono wa kupima, yaweza kumfanya mgonjwa apoteze nguvu za miguu yake.