Wazanzibari wa Durban: Ukoo wa mwenzi hutafutwa kwa mama

Jacobs, kusini mwa jiji la Durban nchini Afrika Kusini, ni mtaa wa viwanda, maghala na malori. Hakuna chochote katika mandhari yake kinachomkumbusha mpita njia vijiji vya Wamakua, kaskazini mwa Msumbiji.

Hata hivyo, jirani na hapo, kwenye rasi ya Bluff, ndiko iliko King's Rest. Kwa zaidi ya nusu karne, hapo paliishi jamii ambayo hadi leo huitwa Wazanzibari.

Aliyeoa au kuolewa katika jamii hiyo, akitaka kuwaeleza watoto wake walikotoka wazee wa mama yao au wa baba yao, hukabiliwa na kazi ngumu. Kwanza, jina lenyewe humpoteza: wengi wa wazee hao hawakuwa wenyeji wa Unguja wala Pemba.

Kutoka majahazini

Mwezi Juni 1873, Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza uliopiga marufuku kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko lao. Manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi, na likazuka swali: waliookolewa wapelekwe wapi?

Koloni la Natal, lililokuwa na haja kubwa ya vibarua, lilikubali kuwapokea. Kundi la kwanza lilishushwa Durban mwezi Agosti 1873. Kufikia 1880, watu walioletwa kwa njia hiyo walipindukia 500.

Uhuru wao ulikuwa na masharti. Walifungwa kwa mikataba ya kazi, na waajiri waligawiwa watu. Kwa kuwa walipitia Zanzibar, wakaandikwa Wazanzibari, ingawa wengi wao walikuwa Wamakua.

Miaka hiyo hiyo, watumwa wengine waliokombolewa walipelekwa Freretown, Mombasa, palipoanzishwa mwaka 1875, na Masasi, ambako Askofu Edward Steere aliongoza msafara wa mwaka 1876. Kwa hiyo, watu wa kijiji kimoja waliweza kuishia katika nchi tatu, chini ya majina matatu.

Familia moja, majalada matatu

Mwishoni mwa karne ya 19, wadhamini wa Msikiti wa Juma wa Grey Street, Waislamu wenye asili ya India, walinunua ardhi King's Rest kwa ajili ya Wazanzibari Waislamu. Wenzao waliokuwa Wakatoliki walihudumiwa na misheni iliyokuwa huko huko Bluff.

Utawala wa ubaguzi wa rangi ulivuruga makazi hayo. Sheria za mwaka 1950 zilitaka kila mtu aandikwe kwa rangi yake na aishi katika eneo la rangi hiyo. Wazanzibari waliwatatiza maofisa: waliwahi kuhesabiwa Waafrika, kisha machotara, na hatimaye, mwaka 1961, "Waasia wengine". Muda si mrefu wakahamishwa King's Rest na kupelekwa Chatsworth, mji uliotengewa Wahindi.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mtafiti. Bibi, binti yake na mjukuu wake huenda wakawa katika majalada ya makundi matatu tofauti. Asiyemkuta mtu katika kundi moja asihitimishe kwamba hakuandikwa.

Pia asiamini sana tahajia. Majina ya Kimakua yaliandikwa na makarani wasioijua lugha hiyo, na wengi baadaye walichukua majina ya Kiislamu au ya Kikristo.

Uliza nihimo

Nyaraka za Durban zinaweza kuonyesha mwaka, meli na mwajiri. Mara nyingi haziwezi kuonyesha kijiji. Hapo ndipo ufunguo mwingine unapohitajika.

Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kila mtu huzaliwa katika nihimo, yaani ukoo wa mama yake, na watu wa nihimo moja hawaoani. Kwa desturi, mume huhamia kwa akina mke, na mjomba ndiye mwenye kauli kubwa juu ya watoto.

Kwa hiyo, anayekwenda mkoa wa Nampula na jina la babu mzaa baba huwa ameshika kamba isiyofungwa mahali. Baba huyo pengine alikuwa mgeni katika kijiji alichozalia watoto. Lakini akitaja nihimo ya bibi mzaa mama, wazee wanaweza kumwelekeza kwa watu wa ukoo huo, hata kama jina la bibi mwenyewe limesahaulika.

Wa kuulizwa ni mwene, yaani kiongozi wa jadi, pamoja na mwanamke mkuu wa ukoo, aitwaye apwiyamwene. Mgeni anayezungumza na wanaume tu hukosa nusu ya habari.

Adabu ya ukwe nayo ina nafasi yake. Shemeji hafai kutangulia kuhoji juu ya utumwa wa wazee wa mkewe. Ni vyema aongozane na mkewe, au na mtu mzima wa ukoo huo, na maswali yaanze kwao.

Vijiji vilivyohama

Hata jina la kijiji likipatikana, mahali pake huenda pamebadilika. Baada ya uhuru wa mwaka 1975, serikali ya Msumbiji iliwakusanya watu katika vijiji vya pamoja, jambo ambalo wasomaji wa Tanzania watalielewa kwa kukumbuka vijiji vya ujamaa. Vita vilivyomalizika mwaka 1992 viliwatawanya wengi tena.

Kwa sababu hiyo, ni salama zaidi kuuliza majina ya mito, milima na makaburi kuliko majina ya vijiji. Mwenye safari azingatie pia usalama: mashambulizi yaliyoanza Cabo Delgado mwaka 2017 yaliwahi kufika hata mkoa wa Nampula.

Vipimo vya vinasaba, ambavyo siku hizi vinauzwa kwa watu binafsi, vinaweza kuonyesha ukanda mtu alikotoka na pengine jamaa wa mbali. Havitaji nihimo, wala havimfikishi mtu kwenye mlango wa nyumba.

Kilicho hatarini

Kimakua ndiyo lugha ya mama yenye wasemaji wengi zaidi Msumbiji. Kwa familia ya Durban iliyolelewa kwa Kiingereza na Kizulu, hata hivyo, neno nihimo linaweza kupotea katika kizazi kimoja. Karatasi za manowari na za waajiri zitaendelea kutunzwa katika maktaba za nyaraka; jina la ukoo wa mama halina jalada.

Basi, kabla ya kukata tiketi ya kwenda Nampula, na hata kabla ya kufungua nyaraka, safari ya kwanza ni ya Chatsworth, kwa bibi au shangazi aliye mzee kuliko wote upande wa mwenzi. Aulizwe mama yake alikuwa wa nihimo gani, nani waliokatazwa kuoana nao, na mlima au mto gani ulitajwa nyumbani. Majibu yaandikwe siku hiyo hiyo, kwa matamshi yake mwenyewe.