Uvimbe Unaokuja na Chakula

Mpe mtu mwenye kijiwe cha mate kipande cha embe bichi kilichopakwa chumvi na pilipili, kisha umtazame. Kabla hajamaliza kutafuna, chini ya taya, upande mmoja, ngozi inaanza kutuna. Panakaza, panauma, hata kumeza kunakuwa kazi. Akiacha kula, uvimbe hunywea taratibu, na akifika hospitali huenda asiwe na cha kumwonyesha daktari. Ndiyo maana wengine huambiwa ni jino, wakang'olewa jino, na kijiwe kikabaki palepale.

Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku. Sehemu kubwa hutoka kwenye jozi tatu za tezi: parotidi zilizo mbele ya masikio, submandibula chini ya taya na sublingua chini ya ulimi. Mrija wa tezi ya chini ya taya ulielezwa na tabibu Mwingereza, Thomas Wharton, mwaka 1656. Miaka minne baadaye, kijana wa Kidenmaki, Niels Stensen, aliuona ule wa parotidi alipokuwa akipasua kichwa cha kondoo huko Amsterdam. Madaktari bado wanaiita mirija hiyo kwa majina yao.

Mrija wa Wharton ndio wenye balaa. Katika kila vijiwe 10 vya mate, 8 au zaidi huota kwenye tezi ya chini ya taya, na chanzo ni umbile lake. Mrija una urefu wa sentimita 5 hivi, mate yanapaswa kuupanda badala ya kuteremka, na tundu la kutokea ni jembamba kuliko mrija wenyewe. Isitoshe, mate ya tezi hii ni mazito na yana kalsiamu nyingi kuliko ya parotidi. Yakituama, kalsiamu na fosfeti huganda kuzunguka chembe ya ute, tabaka juu ya tabaka, mpaka kinapatikana kitu kama punje ya mchele. Si kosa la maziwa wala dagaa, kwa hiyo hakuna sababu ya kuviacha. Kinachosaidia vijiwe kuota ni uchache wa mate: kutokunywa maji ya kutosha, au kutumia dawa zinazokausha kinywa, kama baadhi ya dawa za mzio na za kuongeza mkojo. Asiache dawa za presha mtu kwa sababu hiyo. Azungumze kwanza na aliyemwandikia. Naye afungaye Ramadhani akiwa na kijiwe, uvimbe utamjia wakati wa futari.

Kwa hiyo swali linalofaa kutangulia vipimo vyote ni hili: huvimba wakati gani? Jibu likiwa "nikila", nusu ya kazi imekwisha. Daktari huvaa glavu, akaingiza kidole chini ya ulimi huku mkono wa pili ukishika chini ya taya kwa nje. Hupapasa kutoka nyuma kuja mbele, asije akakisukuma kijiwe ndani zaidi. Kisha huiminya tezi akitazama kitundu kilicho chini ya ulimi: yanatoka mate safi, unatoka usaha, au hakitoki kitu? Eksirei huonyesha vijiwe vingi vya chini ya taya, lakini vya parotidi mara nyingi huipita bila kuonekana. Ultrasaundi haina mionzi, na ni mahali pazuri pa kuanzia. Picha ya CT huja pale mambo yanapokuwa hayajaeleweka.

Vijiwe vidogo vingine hutoka vyenyewe mgonjwa akinywa maji mengi, akikanda kwa kitambaa cha uvuguvugu, akichua tezi kuelekea mbele na kufyonza ndimu. Kukiwa na homa au usaha, antibayotiki inahitajika, ila dawa hiyo huua bakteria tu, kijiwe haikiyeyushi. Mgonjwa anayerudia dozi ileile mara kwa mara anapaswa kupigwa picha. Kijiwe kilicho karibu na mlango hutolewa kwa ganzi na mkato mdogo ndani ya mdomo. Tangu miaka ya 1990, madaktari wa Ulaya wamekuwa wakipitisha kamera nyembamba ndani ya mrija na kukinasa kijiwe kwa kikapu cha waya. Kwetu vifaa hivyo bado ni adimu. Kuiondoa tezi nzima kuwe hatua ya mwisho, maana karibu yake hupita neva za ulimi na ya pembe ya mdomo.

Si kila uvimbe ni kijiwe. Matubwitubwi huja na homa, hasa kwa watoto, na mara nyingi hushika mashavu yote mawili. Parotidi zilizovimba pande zote kwa miezi bila maumivu zinaweza kuwa dalili ya VVU, hivyo kupima ni lazima. Kinywa na macho yakikauka pamoja, daktari hufikiria ugonjwa wa Sjögren.

Uvimbe wa kuogopa zaidi ni ule usiojali chakula: mgumu, unaokua polepole, pengine bila kuuma. Mwingi wa parotidi si saratani, lakini kadiri tezi ilivyo ndogo ndivyo hatari inavyopanda. Ukidumu zaidi ya wiki mbili, au uso ukianza kupinda, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na usikubali kuondoka kabla hajaupapasa.